Mapishi yenu ya biskuti hayaijui mbabula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme neno kuhusu maelezo ya kuoka biskuti mliyoyachapisha siku chache kabla ya Bonane, yaani Mwaka Mpya. Si kawaida yangu kuandikia magazeti, wala sina ugomvi na mwandishi wa ukurasa wa jikoni, ambaye naamini alitutakia mema. Lakini mimi ni mama wa mtaa wa Katuba ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini ameoka biskuti, gato (yaani keki) na kashata za kuwapa watoto, wakwe na majirani, na safari hii watu wanne walibisha hodi kwangu, kila mmoja na kipande kilekile cha gazeti mkononi, na watatu kati yao na sahani ya kitu kilichoungua, kilichomwagika au kilichokataa kushikana. Nilipoyasoma maelezo yenyewe kwa utulivu nikaelewa kwamba waliokosea si wao. Maelezo yale yalitungwa kwa ajili ya jiko la nchi nyingine, si kwa mbabula, jiko letu la makaa, yakahamishwa jinsi yalivyo, na sioni dalili yoyote kwamba kuna mtu aliyeyajaribu hapa Lubumbashi kabla hayajachapishwa.

Wa kwanza kufika alikuwa binti wa jirani yangu, msichana makini anayesoma kila neno. Kwao kuna oveni ya umeme, na siku hiyo umeme ulikuwepo, jambo ambalo peke yake lilistahili biskuti. Gazeti lilisema oveni iwashwe kwa joto la 350. Kitufe cha oveni yao kinaishia 250, basi akakizungusha mpaka mwisho wake, akaomba msamaha moyoni kwa hizo mia moja zilizopungua, na akasubiri dakika kumi na mbili kama alivyoelekezwa. Zilitoka nyeusi kwa nje, na ukizivunja katikati unakuta unga mbichi unaonata kwenye kidole. Ile 350 ni ya kipimo cha Fahrenheit, ambacho Wamarekani bado wanakitumia majikoni mwao. Kwa Selsiasi, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye oveni zinazouzwa kwetu, ni kama 177, na wapishi huihesabu kuwa 180. Herufi moja tu ya F ilianguka njiani, na sahani nzima ya siagi, mayai na sukari ikaenda kwa kuku.

Wa pili nilimwonea huruma zaidi. Maelezo yalisema “unga”, basi. Ndugu Mhariri, katika mji huu ukimtuma mtoto dukani akalete unga, atarudi na unga wa mahindi, kwa maana unga ni ule wa bukari, yaani ugali, na mwingine wowote lazima utajwe kwa jina lake. Mama huyo kijana alipima unga wa bukari, akachanganya na siagi kwa bidii yote, akaoka. Ngano ina protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana na kuwa kama utando, na utando huo, hata ukiwa mdogo kama unavyopaswa kuwa katika biskuti, husaidia donge lisibomoke. Mahindi hayana protini za aina hiyo. Aliniletea bakuli la mchanga mtamu, na mtoto wake alikuwa akiula kwa kijiko, ameridhika kabisa. Inawezekana kutia unga wa mahindi katika biskuti, tena unaleta ukavu mzuri unaovunjika mdomoni, lakini usizidi theluthi moja ya unga wote, na uwe umechekechwa ukawa laini. Haya yangesemwa kwa mstari mmoja tu.

Kisha kuna vikombe. Kikombe kinachotajwa katika mapishi ya Marekani si kikombe cha chai. Ni kipimo maalumu cha mililita 240 hivi, kinachobeba gramu 120 hadi 125 za unga wa ngano usioshindiliwa, au gramu 200 za sukari. Mimi ninavyo vikombe vitano kabatini, hakuna viwili vinavyolingana, na kile cha bati alichokuwa akinywea marehemu mume wangu kinakaribia nusu lita. Mtu anaweza kusema kwamba ukitumia kikombe kimoja kwa kila kitu uwiano hautapotea, na kwa unga na sukari ni kweli. Lakini kikombe kikikua, yai halikui pamoja nacho, wala kijiko cha bikarbonati. Yule aliyetumia kikombe kikubwa na mayai mawili yaliyoandikwa alipata vumbi kavu lisiloshikana, akaongeza maji, na akaishia kutengeneza kitu ambacho hakikuwa mkate wala biskuti.

Ombi langu ni kwamba muandike kwa gramu. Najua mtasema kwamba nyumba nyingi hazina mizani. Muuza duka anayo, na mwanamke anayenunua nusu kilo ya sukari anajua kwamba akiigawa kwa macho mafungu mawili yaliyo sawa atapata gramu 250 kila upande bila kumwomba mtu. Tena kuna njia ya zamani ambayo haihitaji hata namba. Gato ambayo Wafaransa na Wabelgiji huiita robo nne inatengenezwa kwa mayai, unga, sukari na siagi vyenye uzito ulio sawa. Unatundika fimbo iliyonyooka kwa uzi katikati, unaning'iniza visahani viwili vya plastiki kwenye ncha zake, unaweka mayai upande mmoja na kumwaga unga upande wa pili mpaka fimbo ilale sawa, kisha unafanya vivyo hivyo kwa sukari na kwa siagi. Wajukuu wangu hugombania kazi hiyo. Kwa biskuti kavu za siagi nimeshika hesabu ya moja, mbili, tatu: sukari gramu 100, siagi 200, unga wa ngano 300, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, bila yai na bila bikarbonati. Ila siagi au margarini iwe ile ngumu, kwa sababu zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi, na biskuti zake hutandaa kama chapati.

Sasa nije kwenye moto, ambao ndio hasa ulionisukuma kushika kalamu. Ukurasa wenu ulitaja oveni mara saba. Mbabula haukuitaja hata mara moja. Nyumba nyingi za mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi zinapika kwa makala, yaani makaa, na hata zile zenye oveni hurudi kwenye makala delestaji, ule mgawo wa umeme, inapoingia jioni. Kuoka kwa makala ni ufundi wenye kanuni zake, kama ufundi mwingine wowote, na gazeti linalosomwa na watu wa mbabula lingepaswa kuufundisha.

Marehemu mama yangu alijifunza kuoka katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ile, kwenye fuaye, nyumba ya mafunzo ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma na kupika. Kule fuaye kulikuwa na jiko la chuma lenye mlango, lakini nyumbani hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Akachukua sufuria kubwa nzito, akamwaga ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili, akapanga juu ya mchanga mawe matatu madogo yanayolingana, na juu ya mawe akaweka sinia ya bati iliyopakwa mafuta. Kifuniko kilikuwa cha chuma, kipana, chenye ukingo, ili kiweze kubeba makala bila kumwaga. Mchanga unazuia moto wa chini usiipige sinia moja kwa moja, unalichukua joto taratibu na kulisambaza. Mawe yanaacha nafasi ya hewa kuzunguka. Mpaka leo mimi sina oveni bora kuliko hiyo.

Kosa la wanaoanza ni kuweka makala mengi chini. Wanafikiri kama wanavyofikiri kwa maharagwe, kwamba moto unatoka chini na kupanda. Kwa kuoka, fungu kubwa linakaa juu ya kifuniko: nikiwa na makala ya kujaza sahani tatu, moja inabaki kwenye mbabula na mbili zinakwenda juu, nazo zinapangwa kwenye ukingo wa kifuniko zaidi kuliko katikati, kwa sababu katikati huungua kwanza. Makala yawe yamekwisha kushika majivu meupe. Yale meusi yanayowaka kwa ndimi hayana joto la kutegemewa, yanapanda na kushuka. Kisha unafunika sufuria tupu na kuiacha ipate moto kwa robo saa, ukitumia muda huo kuviringa vidonge.

Na joto litajulikanaje bila kipimajoto? Kwa unga wenyewe. Chukua kijiko cha unga wa ngano, ukitandaze kwenye kifuniko kidogo cha kopo, ukiweke ndani ya sufuria na ufunike. Baada ya dakika tano kitazame. Ukikuta unga umegeuka rangi ya dhahabu, kama karanga iliyokaangwa na kumenywa, hilo ndilo joto la wastani linaloitwa 180 kwenye oveni zenu, na biskuti ziingie. Ukiwa umepauka tu, ongeza makala juu. Ukiwa umekuwa hudhurungi iliyoiva sana, au moshi umeanza kutoka, ondoa kiasi na usubiri. Wapishi wa zamani wa Ulaya na Marekani walipima hivyohivyo kabla oveni zao hazijawekewa namba, kwa hiyo mtu asidhani kwamba hili ni jambo la kubahatisha la akina mama wa Katuba.

Kifuniko kinainuliwa wima, kwa ndoano ya waya, na hakiinamishwi, maana ukikiinamisha majivu yote yanaingia kwenye biskuti. Niliwahi kukiinamisha mkesha wa Bonane, wageni wakiwa barazani, na nikalazimika kutangaza kwamba ule weusi ulikuwa ufuta. Usikifunue kila dakika pia. Kila ukifunua unaruhusu joto litoke, na makala yako hayalirudishi haraka. Harufu itakuambia. Kwangu, mtoto wa nyumba ya tatu akianza kuzunguka uani kwangu bila sababu, najua zimebaki dakika mbili. Kingo zikishika rangi na katikati bado pakiwa laini, toa sinia, uiache ipoe bila kuzigusa, kwa maana biskuti hukauka na kukakamaa baada ya kutoka, na anayesubiri zikauke ndani ya sufuria atapata vigae.

Nitaje jambo moja lisilo la mzaha. Bonane kwetu inaangukia kwenye mvua kubwa, na mvua ikinyesha watu huingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Okeni barazani, au jikoni ambamo mlango na dirisha viko wazi, hata kama upepo unakera. Ukurasa wa jikoni unaoandikia watu wa makala usiliache hilo neno hata mara moja.

Kuhusu gharama ya makala, ambayo nasikia wengine wakiitaja kama sababu ya kutooka, nasema kwamba mimi siwashi moto kwa ajili ya biskuti. Nawasha kwa ajili ya bukari na sombe, yaani kisamvu, na biskuti zinafuata juu ya makala yaliyobaki. Sote tunawaona wale vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao kwenye barabara ya Kasenga na ya Likasi, na tunajua kwamba kila mwaka wanalazimika kuifuata miti ya miombo mbali zaidi. Moto uliokwisha kulipiwa usizimwe kwa maji wakati unaweza bado kuivisha sinia mbili.

Maelezo yenu yalisema pia donge liwekwe friji kwa saa moja, bila kueleza kwa nini. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na ikiingia kwenye joto ikiwa tayari imelegea, donge linatandaa kabla unga na yai havijapata nafasi ya kulishikilia. Aliyeelewa sababu hiyo anaweza kuitafutia dawa hata kama hana friji. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ikiwa kali, mimi naacha donge nje usiku kucha ndani ya sufuria iliyofunikwa na kuwekewa jiwe kwa sababu ya paka, na asubuhi linakatika kama jibini. Mwezi wa kumi, joto likiwa limetukalia kichwani, naoka alfajiri au siviringi kabisa: natandaza donge lote kwenye sinia, naoka kwa pamoja, na nalikata vipande vya mraba likiwa bado na moto. Kipande cha mraba hakiwezi kutandaa, kwa maana ukuta wa sinia umekizuia. Tena mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho gesi ya beking pauda hutanuka zaidi kidogo kuliko pwani. Kwa gato napunguza kama robo ya kipimo kilichoandikwa, ama sivyo inapanda kwa majivuno na kuanguka katikati.

Nimalizie na chokoleti, iliyomleta mtu wa nne mlangoni kwangu. Alizunguka soko la mtaa wa Kenya asubuhi nzima akitafuta zile punje za chokoleti mlizozitaja, na alipozipata katika duka la mjini, bei yake ilimfanya arudi mikono mitupu. Biskuti hizo asili yake ni nyumba ya wageni ya Toll House, katika mji wa Whitman, jimbo la Massachusetts, ambako Ruth Wakefield alizitengeneza katika miaka ya 1930 kwa kukatakata mche wa chokoleti aliokuwa nao. Punje za kununua zilikuja baadaye, biskuti zake zilipokwisha kupata umaarufu. Yeye mwenyewe, basi, alitumia kilichokuwa karibu naye. Kilicho karibu nasi ni karanga. Kakao inalimwa nchini mwetu, huko Beni na Ituri, na siku chokoleti yake itakapofika Katuba kwa bei ya Katuba nitakuwa wa kwanza kuikata kwa kisu. Kwa sasa naomba muwape wasomaji biskuti hii, ambayo haihitaji hata unga wa ngano.

Karanga zichambuliwe kwanza kwa mkono, na kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kwa kuwa sumu ya ukungu huo haitoki yote kwa kukaangwa. Zikaangwe, zipepetwe maganda, zisagwe mpaka zitoe mafuta na kuwa laini. Chukua gramu 250 za karanga hizo, sukari gramu 150 (waliozoea utamu mwingi waende mpaka 200), yai moja, na chumvi kidogo. Koroga mpaka donge liache ukingo wa bakuli lenyewe. Viringa vidonge kama ishirini na nne vinavyolingana, uvibane kwa uma, dakika kumi hadi kumi na mbili kwenye joto lile la unga wa dhahabu. Zikitoka ni laini kiasi cha kukatisha tamaa. Ziache robo saa. Zinakaa wiki nzima ndani ya kopo lenye kifuniko, ingawa kwangu hazijawahi kufika siku ya tatu.

Jumamosi ijayo, baada ya bukari ya mchana, nitakuwa na makala na majirani watakuwepo. Mwandishi wenu wa ukurasa wa jikoni anakaribishwa barazani kwangu. Aje na kile kikombe chake cha kupimia, tukijaze unga pamoja, tukipeleke kwenye mizani ya duka la pembeni, na namba tutakayoiona pale aichapishe.

Wenu,
Mama msomaji,
Katuba, Lubumbashi